Cha Juu ni Kipi?

Jumatano, tarehe 14 Agosti. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, yakakatika, kisha ukaingia upepo uliovuma mpaka jioni bila kuleta mvua wala kuondoa mawingu.

Upepo huo ndio ulioleta matatizo yote, ingawa ilichukua mchana kutwa kulijua hilo.

Msichana mwenyewe nyumbani kwao walimwita Fyuzi. Jina hilo alilipata akiwa mdogo, siku alipochomeka kijiko kwenye soketi ili aone umeme unatokea wapi. Nyumba nzima ikazimika, yeye akarushwa mpaka chini ya meza, na walipomwinua swali lake la kwanza lilikuwa, "Sasa umekwenda wapi?" Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake la cheti, isipokuwa walimu.

Tangu amalize sekondari alikuwa akishinda kwenye karakana ya mjomba wake. Mjomba alikuwa fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu, ya feni au ya mashine ya kusaga ikiungua, waya wake wa ndani hukatwa na kuchomolewa, halafu waya mpya wa shaba husukwa mahali pake, unafungwa kwa uzi, unapakwa vanishi na kukaushwa. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza ya mbao iliyokolea vanishi mpaka ikang'aa kama kiatu. Mlango wake ulikuwa wa mbao mbili. Ubao wa kushoto uliandikwa TUNASUKA, wa kulia ukaandikwa MOTA. Mlango ukifunguliwa, ubao wa kulia uligeukia ukutani, likabaki neno la kwanza tu.

Kwa hiyo asubuhi hiyo, kama ilivyokuwa karibu kila wiki, mwanamke mmoja alisimama mlangoni ameshika kitana.

"Hodi humu. Nimeambiwa mnasuka."

"Tunasuka, mama," mjomba alijibu bila kuinua kichwa, "lakini mpaka uwe umeungua."

Mwanamke akatazama mota zilizopangwa sakafuni, akatazama nyundo, akaelewa. "Nimeungua na mengi, fundi, ila si kichwa." Akaenda zake akicheka.

Siku nyingine Fyuzi angecheka naye. Siku hiyo alikuwa na simu mkononi, akisoma tena ujumbe aliokwisha kuukariri. Alikuwa amepata nafasi katika vyuo vikuu viwili, vyote kusomea uhandisi wa umeme. Alitakiwa achague kimoja kwa kujibu moja au mbili. Mwisho wa kujibu ulikuwa kesho yake saa sita mchana, na asiyejibu angepoteza nafasi zote mbili.

Nyumbani vyuo hivyo waliviita Kipya na Cha Zamani. Kipya kilikuwa palepale mjini, upande wa reli. Kilikuwa na karakana kubwa, na mwanafunzi aliingizwa humo tangu muhula wa kwanza. Ila hakikuwa kimetoa hata mhitimu mmoja wa uhandisi, na hakuna aliyeweza kusema waajiri wangekichukuliaje cheti chake. Cha Zamani kilikuwa mji mwingine, mbali. Wahandisi wote waliowahi kusikika katika ukoo na mtaa walitoka huko, lakini ilisemekana mtu alikaa miaka miwili akisikiliza mihadhara na kukokotoa hesabu kabla hajapewa hata bisibisi.

Mama alisema hana upande, ila alianza kushona nguo za safari. Mjomba naye alisema hana upande, ila alikuwa amenunua stuli ya pili na kuiweka upande wa meza wenye mwanga. Mama na mjomba walikuwa ndugu wa tumbo moja, na tangu utotoni kila mmoja alikuwa bingwa wa kukosa upande. Fyuzi aliona wazi kwamba kidole chake kikibonyeza namba yoyote, mmoja wao ataumia na atakaa na uchungu huo kimyakimya, jambo ambalo kwao lilikuwa baya kuliko kugombana.

Akaona pa kukimbilia ni kwa baba. Neno la baba lisingekuwa la mama wala la mjomba.

Baba yake alikuwa fundi wa minara ya simu. Alipanda minara hiyo nje ya miji, akafunga vyombo na kubadilisha vilivyoharibika, na alikaa huko wiki kadhaa ndipo arudi. Nyumbani walikuwa na utani wao, kwamba mtu anayewapa watu mtandao ndiye pekee asiyepatikana kwenye mtandao. Fyuzi alikuwa amemtumia ule ujumbe jana yake, hakupata jibu. Sasa akatoka nyuma ya karakana, akapiga. Simu ikaita. Ikapokelewa na upepo.

"Baba! Shikamoo! Umeona ujumbe? Nichague kipi?"

Upepo ulivuma masikioni kama mtu anayechana turubai.

"Baba, mwisho ni kesho! Nichague kipi?"

"…cha… juu!"

"Cha juu?"

"Juu! Juu!"

Simu ikakatika.

Fyuzi alisimama pale kwenye mabati chakavu, moyo umetulia mahali pake kwa mara ya kwanza wiki nzima. Baba amesema. Akarudi ndani karibu anakimbia.

"Mjomba, baba kasema cha juu!"

"Enhe!" Mjomba aliweka koleo chini. "Si nilikwambia? Shemeji yangu ni mtu makini sana. Hebu lete simu." Akafungua ujumbe, akaweka kidole chenye vanishi kwenye kioo. "Hiki hapa. Namba moja, Kipya. Namba mbili, Cha Zamani. Cha juu ni kipi hapo?"

"Kipya," alisema Fyuzi.

"Basi. Tuma tupumzike."

Hakutuma. Hakujua kwa nini, ila kidole kilikataa. Alisema atamwambia mama kwanza, maana si adabu mama asikie baadaye. Mjomba akakubali, japo alimtazama kama anavyotazama mota iliyopona haraka mno.

Saa saba alikwenda nyumbani kula. Mama alikuwa kibarazani nyuma ya cherehani, pini mdomoni, akishona sare za shule.

"Mama, nimempata baba. Kasema cha juu."

Mama alitoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kwenye kitambaa kwa utulivu mkubwa. "Mungu ambariki mume wangu. Haongei, ila akiongea kaongea. Cha juu! Sasa umeridhika? Cha Zamani."

"Mjomba anasema cha juu ni kile cha kwanza kwenye ujumbe. Kipya."

"Mjomba wako ana wazimu. Mtu akisema daraja la juu, cheo cha juu, unatafuta kwenye simu kipi kimeandikwa wapi? Chuo cha juu ni kile kilicho juu ya vingine. Hilo nalo linataka mkalimani?"

Akachukua simu yake, akampigia ndugu yake papo hapo. Fyuzi aliisikia sauti ya mjomba hata bila spika.

"Dada, wewe umezoea nguo. Ukisikia kitu cha juu unawaza blauzi."

"Na wewe umeungua kama mota zako. Mtoto anatafuta maisha, wewe unatafuta mtu wa kukushikia koleo!"

"Mimi? Mimi sina upande!"

"Hata mimi sina!"

Wakakata wote wawili kwa wakati mmoja.

Dada yake Fyuzi, karani wa duka la dawa, alikuwa amekuja kula pia. Alisikiliza yote akitafuna, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemwomba. "Mbona rahisi. Baba ni mtu wa minara. Kwake juu ni juu. Kipya kina ghorofa, mpaka lifti wameweka. Cha Zamani yote ni majengo ya chini, nimeona picha."

"Kula unyamaze," mama alisema. Kisha akafikiri. "Tena umenikumbusha. Tangu zamani mtu akienda mji ule wa Cha Zamani tunasema kaenda wapi?"

Dada akasita. "Kaenda juu."

"Haya!"

Fyuzi hakumaliza chakula. Kwa ujumbe na kwa ghorofa, cha juu kilikuwa Kipya. Kwa heshima na kwa njia ya kwenda huko, cha juu kilikuwa Cha Zamani. Alijaribu kumkumbuka baba yake vizuri, jinsi anavyozungumza, ili ajue yeye angesema vipi. Akakuta hajui. Baba alisema "weka juu" akimaanisha kabatini, na "mambo yako juu" akimaanisha mambo mazuri, na "bei iko juu" akimaanisha mabaya. Juu, juu, juu. Kadiri alivyolirudia neno hilo ndivyo lilivyozidi kuwa sauti tupu, kama kilio cha ndege fulani. Alipiga simu. Mwanamke wa mtandao akamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena akiwa njiani. Yule mwanamke hakuchoka, wala hakuonyesha kumkumbuka.

Karakanani mjomba hakuuliza kitu. Alimwachia feni ya ukutani, kazi ambayo Fyuzi aliiweza akiwa amefumba macho. Akakaa kwenye ile stuli mpya, akazungusha waya kuwa koili, akazipachika kwenye mifereji yake, akafunga kwa uzi. Mjomba alikuja kukagua kabla ya vanishi, akainamisha kichwa.

"Fyuzi. Hii koili ya tatu umeiunga vipi?"

Alitazama. Ncha za koili moja alikuwa amezigeuza, ya kuanzia ikakaa mahali pa kuishia.

"Ukiiwasha hii," mjomba alisema, "itanguruma palepale mpaka iungue. Haijui izunguke upande gani. Kama mtu mmoja namfahamu."

"Samahani mjomba." Akaanza kufungua vifundo vya uzi, kisha akasimama. "Lakini kwa nini inanguruma?"

"Kwa sababu umekosea kuunga."

"Hapana. Ndani. Kitu gani kinatokea humo ndani?"

"Sumaku zinagombana."

"Zinagombania nini?"

"Sasa mimi nitajuaje? Mimi fundi wao, si mshenga wao."

Wakacheka wote wawili, na kwa muda kidogo mambo yakawa kama zamani. Mjomba akamsaidia kufungua. Akasema, kama mtu anayezungumza na ile feni, kwamba pale Kipya mtu angesoma siku za wiki na Jumamosi akaja karakanani, na kwamba mwanga wa upande ule ni mzuri kwa macho. Fyuzi akasema ndiyo, ni mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, na hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Kama mjomba angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

Jioni, taa zilipokuwa ndiyo kwanza zinawashwa, walikuwa wote nyumbani. Mjomba alikuwa amekuja, eti kuazima mkasi. Simu ya Fyuzi ikaita, na jina la baba likatokea. Mama akasema weka spika. Dada akazima redio.

"Mama yangu," baba alisema. Upepo haukuwepo tena, alikuwa nyumba ya wageni. "Samahani kwa asubuhi. Enhe, unasemaje?"

"Baba, ulisema cha juu. Ulimaanisha kipi?"

"Cha juu nini?"

"Chuo. Nilikuuliza nichague kipi, ukasema cha juu. Nikauliza tena, ukasema juu, juu."

Kisha baba akaanza kucheka taratibu, kama injini inayokataa kuwaka.

"Mama yangu, nilikwambia acha kwanza, niko juu! Nilikuwa kileleni mwa mnara, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine ndiyo huo wa simu. Sikusikia chuo wala nini. Nilidhani unaniuliza niko wapi!"

Mjomba alitazama dari.

"Yaani," mama alisema, "tumegombana mchana kutwa kwa ajili ya mnara?"

"Nani kagombana?"

"Hakuna," mama na mjomba walijibu pamoja.

"Toa hiyo spika," baba alimwambia Fyuzi.

Alitoka na simu mpaka uwani, akasimama kati ya nguo zilizoanikwa. Alijisikia mjinga. Mchana kutwa alikuwa amebeba jibu ambalo halikuwa jibu, na sasa hata hilo limechukuliwa.

"Basi sema sasa, baba. Nichague kipi?"

"Mimi vyuo sivijui. Najua bolti. Wewe nieleze kilivyo kimoja kimoja."

Akamweleza Kipya. Kina karakana, mota za kila aina, wanafunzi wachache, anaweza kukaa nyumbani, anaweza kuendelea kumsaidia mjomba. Alimaliza upesi.

"Na hicho kingine?"

"Hicho mbali. Halafu mwanzoni ni hesabu tu, baba. Kuna somo linaitwa uga wa sumaku. Mimi uga ninaoujua ni huu wa kuanikia nguo. Nimesoma maelezo yake mara nyingi, sielewi. Wanasema sumaku ina uga wake, umeizunguka, hauonekani, na huo uga ndio unaosukuma, siyo chuma chenyewe. Sasa kama ni uga unaosukuma, ule waya kazi yake nini? Na zile sumaku mbili zikigombana, uga unakwenda wapi? Unaisha? Au unakuwa mmoja? Halafu kuna lingine baada ya hilo, hilo hata jina lake siwezi kulitamka, ila nadhani ndilo linaloeleza kwa nini pengo kati ya mota na moyo wake unaozunguka lisizibe na lisiwe kubwa, maana mjomba anajua liwe kiasi gani, lakini…"

Aliendelea. Aligongana na shuka lililoanikwa, akalizunguka, akaendelea. Baba hakumkatiza. Mwishowe akaishiwa pumzi.

"Umeelewa, baba?"

"Hata neno moja. Na wewe?"

"Hata mimi."

"Na kile Kipya, unakielewa?"

"Kile naelewa."

"Haya," baba alisema, kama mtu aliyemaliza kukaza bolti na sasa anaijaribu.

"Haya nini? Baba, hujachagua."

"Sichagui."

"Mjomba atakasirika."

"Nikija nitamsikiliza akiwa amekasirika. Mama yako naye atafurahi kupita kiasi, hilo ni baya zaidi, jiandae. Mimi naoga, nimejaa grisi. Lala salama, mama yangu."

Fyuzi alibaki uwani na simu imezimika kioo. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko asubuhi. Alidhani mtu akijua anachotaka huhisi kama taa imewashwa, na yeye hakuona taa yoyote. Alikuwa na maswali mengi tu ambayo hayakumpa amani, na mahali pamoja ambapo labda yangejibiwa, labda yasijibiwe. Je, hiyo ni sababu ya kumwacha mtu aliyekununulia stuli? Na kama akifika huko akakuta hesabu zimemshinda, atarudi na uso gani? Alirudi ndani. Wote watatu walimtazama. Akasema anasikia usingizi, na hawakumwamini, lakini wakamwacha.

Asubuhi ya Alhamisi aliamka mawingu yakiwa yametawanyika. Alikaa kitandani, akafungua ujumbe, akaandika mbili, akafuta, akaandika mbili tena, akatuma huku amefumba jicho moja. Jibu likaja mara moja, kavu, kwamba ombi lake limepokelewa na haliwezi kubadilishwa. Alilisoma akisubiri furaha. Haikuja, na majuto pia hayakuja. Akavaa viatu, akapita kwa mama aliyekuwa akipiga mswaki, akamwambia, na kabla mama hajamaliza kusukutua alikuwa ameshafika barabarani, ili mjomba asisikie kwa simu.

Mjomba alikuwa anafungua kufuli.

"Shikamoo, mjomba. Nimetuma. Cha Zamani."

Mjomba alivuta kufuli, akalitia mfukoni, akafungua ubao wa kushoto, halafu wa kulia. Alichukua muda mrefu kuliko mlango ulivyohitaji.

"Marahaba," alisema hatimaye. "Mnaanza lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Basi nitafute mtu."

"Nitamfundisha kabla sijaondoka."

"Umfundishe nini? Wewe mwenyewe unafunga koili kama unafunga mbuzi." Sauti yake haikuwa sawasawa, akakohoa ili kuirekebisha. "Mimi sikuwa na upande, unajua."

"Najua, mjomba."

Akamwonyesha kwa kidevu pampu ya zahanati iliyoletwa jana yake, imeungua vibaya, bado inanuka. Fyuzi aliipandisha mezani, akatafuta spana inayolingana, akaanza kufungua bolti za kifuniko.